Kadi ya grafiki ndani ya kompyuta ya biro

Wandugu, kuna shauri lenye linazunguka sana kwenye YouTube: nunua Dell OptiPlex ya zamani, chomeka kadi ya grafiki, basi, uko na kompyuta ya michezo. Shauri si baya. Ila linaishia katikati, na mwenye kulifuata ni mwanafunzi mwenye alichanga dola zake miezi mingi.

Chukua OptiPlex 9020 ya 2013. Ile kubwa, alimantasio yake ni wati 290. Ile nyembamba ni 255, tena inapokea tu kadi za kimo kifupi. Nafasi ya kadi inatoa wati 75, haipite. Kwa hiyo GTX 1050 Ti, ama GTX 1650 isiyodai waya wa ziada, zitatembea muzuri. Kwa FIFA na AutoCAD inatosha, wenye kubeza wabeze.

Unataka kadi ya nguvu zaidi? Sasa njo shida inaanza. Lazima ubadilishe alimantasio, kumbe Dell waliweka tundu lao la pini 8, si lile la kawaida la pini 24. Utafute adapta. Boksi nayo imebana, joto halitoke. Dola 20 hapa, 40 pale, na mashine ni ileile ya 2013.

Kujenga yako ni bei kali siku ya kwanza, kweli. Lakini boksi, alimantasio na kadi vinabaki vyako hata ukibadilisha prosesa. Mwenye anajua wati 75 hazitamutosha aanzie huko moja kwa moja, hata kama atangoja.

Na muuzaji akikataa kufungua boksi usome wati za alimantasio, muache na mashine yake.