Ya Leo ama ya Kesho

Julai, watakuambia, hakuna mtu mwenye akili timamu anayekula saladi Kericho. Ukungu umelalia mashamba ya chai tangu alfajiri, mvua haikosi mchana, na kila mwenye jiko amelisogelea. Siku hizo watu hutaka ugali unaofuka moshi, supu ya mifupa, na chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikabadilika rangi. Ukimwekea mgeni bakuli la mboga mbichi atadhani gesi imekuishia.

Mimi nashikilia kwamba saladi tamu kuliko zote za mwaka hutengenezwa huku kwetu katika baridi hiyohiyo, kuanzia Juni mpaka Agosti, na kwamba anayeijua kazi hiyo ni fundi kama alivyo fundi wa pilau. Shahidi wangu ni soko. Embe zimekwisha na hazitarudi kwa wingi kabla ya Novemba. Badala yake maparachichi yako kileleni, maana msimu wake mkuu nchini Kenya huanza Machi ukaishia Septemba. Karakara zimejaa debe, zambarau, ngozi zimekunjamana. Matunda damu yanang'aa kwenye mafungu. Machungwa ya Makueni yanapanda mlima kwa malori, na malimau ya kienyeji, yale yenye ngozi nene na vinundu, yanaangukia nyasi uani bila mtu kuyajali. Tazama orodha hiyo kwa jicho la mpishi: karibu yote ni uchachu, na lililobaki ni mafuta. Saladi haihitaji zaidi ya hayo mawili, chumvi na jani la kuyashikilia. Desemba, wakati kila kitu ni sukari, ndipo mtu hupata taabu.

Ufundi wenyewe hauanzii kwenye kisu. Mpishi wa mchuzi ana moto wa kumsitiri: nyanya isiyoiva hulainika, nyama ngumu hungojewa, chumvi ikizidi kuna viazi. Saladi haina pa kujificha. Parachichi lililochumwa changa halitengenezeki, utalitia limau, utalitia asali, nalo litabaki na ladha ya majani na mpira. Kwa hiyo nusu ya kazi, pengine zaidi ya nusu, hufanyika mtu akiwa amesimama mbele ya kibanda na kikapu mkononi.

Wauzaji wetu wanalijua hilo. Ukiinama kuchagua, mama mwenye kibanda hakuulizi unataka mangapi, hukuuliza kwanza, "Ya leo ama ya kesho?" Ukijibu ya leo, mkono wake hupita juu ya rundo bila macho kuufuata, ukagusa hili, ukaacha lile, ukarudi kwa lile la nyuma ambalo wewe hukuliona. Habonyezi tumboni, maana ukibonyeza tumboni unaacha jeraha ambalo mteja wa pili atalikuta limekuwa jeusi. Hugusa shingoni, karibu na kikonyo, kwa ncha ya kidole gumba. Kama bado una wasiwasi, hukiondoa kile kikonyo kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani-manjano, beba, kukiwa kahawia, liache. "Ukitaka ya Jumapili chukua haya, mwanangu, uyafungie kwenye karatasi na ndizi moja." Ndizi hutoa hewa inayoharakisha kuiva, na mama huyu hahitaji mwanakemia kumthibitishia.

Sishangai kwamba vidole vya namna hiyo vinapatikana hapa. Tangu kampuni za Brooke Bond na James Finlay zianze kupanda chai katika milima hii miaka ya 1920, vizazi vya watu wamelishwa na uwezo wa kidole kutambua, kwa mguso mmoja, majani mawili na chipukizi lake, na kuliacha jani lililokomaa. Mashine za kuchumia zimepunguza mikono hiyo kwenye mashamba makubwa, lakini katika vishamba vya wakulima wadogo wa Belgut, Bureti na Konoin ungali unaiona ikifanya kazi. Baridi ya Julai hupunguza chipukizi, mizani ya kituo cha chai huonyesha kilo chache, na wengi huwa na nafasi ya kupeleka kikapu cha matunda sokoni.

Neno moja kuhusu mvua ya mawe. Milima ya Kericho na Nandi hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe hayo mara nyingi zaidi duniani. Mkulima wa chai huyaogopa kwa sababu yanapasua majani. Mwenye maparachichi ya Hass ya kuuza nje huyaogopa kwa sababu nyingine: kila jiwe lililogusa tunda changa huacha kovu gumu la kahawia, na mnunuzi wa ng'ambo hataki kovu. Basi matunda hayo hushuka soko la Kapsoit au Litein kwa bei ya kutupa. Yakate uone. Chini ya kovu nyama ni ileile, ya siagi, wala haina dosari. Mpishi wa saladi anayenunua kwa kutazama ngozi analipia urembo ambao ataumenya na kuutupa.

Tunda damu linataka adabu zaidi. Lilitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na limeipenda baridi yetu kama kwao. Watu hulinunua kwa kuamini kwamba linaongeza damu, wakalisaga na maziwa na sukari mpaka ladha yake ikapotea. Kwenye saladi ndipo linapojitambulisha. Ngozi yake ni chungu, kwa hiyo usilikate nayo. Chora msalaba mdogo kitakoni, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini, ulihamishe kwenye maji baridi (na maji ya bomba ya Kericho mwezi wa Julai ni baridi ya kutosha, huhitaji barafu). Ngozi itavuliwa kama soksi. Ndani utakuta nyama ya rangi ya chungwa na mbegu nyeusi zilizolala katika utelezi mwekundu. Likate mapande mazito, usilikate vipande vidogo, na ulitie chumvi peke yake kando. Baada ya dakika chache litakuwa limetoa maji mekundu. Usiyamwage, yana kazi.

Wapo watakaosema saladi si chakula cha huku, na hawajakosea sana. Mboga za Kipsigis ni za moto: isagek na isoik huchemshwa polepole mpaka uchungu ulegee, kisha hutiwa maziwa au malai zikalala. Mboga mbichi ilikuwa kazi ya mbuzi. Kachumbari ilifika pwani na mjini kutoka Bara Hindi, ikapanda na reli na maduka, ikatua kando ya nyama choma na haijaondoka. Saladi ya majani, ile ya letasi na mayonezi, iliingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba za mameneja wa chai, kupitia mikono ya wapishi waliofundishwa kuitengeneza kwa ajili ya meza wasiyoketia. Baadhi yao walirudi nyumbani na ujuzi huo wakaugeuza walivyotaka, wakaitoa letasi wakaleta kabichi iliyokatwa nyembamba. Kabichi ya mlimani mwezi wa baridi ni tamu na inakatika kwa sauti, na letasi ya kununua, iliyosafirishwa ikanyauka, haistahili hata kusimama karibu nayo.

Hapa nina lalamiko dogo. Myanmar watu hula majani ya chai yenyewe: huyachachusha, wakayachanganya na karanga, vitunguu saumu vya kukaanga, ufuta na limau, wakaiita lahpet thoke, na hakuna karamu inayokamilika bila hiyo. Sisi tumezungukwa na jani hilo mpaka upeo wa macho, tunalichuma, tunalipima, tunaliuza mnada wa Mombasa, na sijaona jiko moja la Kericho lililojaribu kulitafuna. Sisemi tuige. Nasema tu kwamba kijiko cha chai nzito baridi, isiyo maziwa, kikitiwa kwenye maji ya limau huipa saladi ya machungwa ukavu fulani wa ulimini ambao siki haiwezi kuutoa.

Sasa sosi. Vitabu vya wazungu husema mafuta sehemu tatu, siki sehemu moja. Kanuni hiyo ilitungwa kwa majani matupu. Bakuli lenye parachichi tayari lina mafuta yake, kwa hiyo ukiifuata utapata kitu kinachoteleza kooni bila kuacha habari. Mimi hugawa karibu nusu kwa nusu. Nachuja karakara tatu, nabaki na mbegu chache kwa ajili ya meno, natia maji yale mekundu ya tunda damu, limau nusu, kijiko kidogo cha asali, chumvi, na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti. Yote huingia kwenye chupa ya jemu, kifuniko kikakazwa, ikatikiswa mpaka mafuta yakakubali kukaa na maji. Asali husaidia kuyashikanisha kwa muda. Yakiachana, tikisa tena.

Rafiki zangu wa pwani hunishauri mafuta ya nazi. Nawaheshimu, lakini mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni kwetu Julai hatufiki huko. Utamwaga sosi juu ya kabichi baridi na kuitazama ikigeuka mshumaa.

Sosi ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo itakayonitia matatani na wazee. Ni ya mursik. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, yakamiminwa ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakafungwa na kuachwa siku kadhaa, hutoka yakiwa mazito, yenye chembe za kijivu na harufu ya moshi. Ni kinywaji cha heshima: wanariadha wetu wakishuka ndege na medali hupokewa nacho. Nafasi yake ni kando ya kimnyet, yaani ugali wa moto, na wengi wataona ni utovu wa adabu kukimwaga juu ya kabichi. Lakini onja kwanza. Ndani yake mna uchachu, mna mafuta, mna moshi, mambo matatu ambayo mpishi mwingine angeyatafuta katika chupa tatu. Nusu kikombe cha mursik mzito, chumvi kidogo, pilipili mbichi iliyopondwa na nusu punje ya kitunguu saumu, dania iliyokatwa mwisho kabisa. Limau halihitajiki. Sukari ukiitia mimi nitaondoka mezani.

Kupanga bakuli ni suala la saa. Kitunguu hukatwa kwanza kabisa, kikafikichwa kwa chumvi, kikaoshwa mara mbili ili ukali upungue. Kabichi hufuata, nayo hupewa chumvi na limau na kuminywa kwa mkono mpaka ilegee kidogo, kwa kuwa kabichi ngumu huikataa sosi. Kisha machungwa yaliyomenywa mpaka ile ngozi nyeupe yote iondoke, kisha matunda damu. Parachichi huja watu wakiwa wameshanawa mikono. Hewa hulitia weusi, na limau huchelewesha tu, haliuzuii. Hoteli zinazokata saladi saa nne asubuhi zikaiweka chini ya plastiki hadi chakula cha jioni zingefanya vyema zaidi kumpa mgeni chungwa zima na kisu.

Ukiona bakuli lina matunda ya aina tano au sita, jua mwenye kulitengeneza hakuweza kuchagua. Mawili yanatosha, matatu ni sherehe. Na kama mojawapo ni nanasi, angalia sana. Mananasi ya Roret ni mazuri, yana harufu inayomfikia mtu kabla ya kushuka matatu, na kishawishi cha kuyakatia humo ni kikubwa. Lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, kinachovunja protini za maziwa. Likikutana na mursik, baada ya muda mfupi sosi hugeuka chungu na majimaji, na watu wataanza kukilaumu kibuyu. Kwa sosi ya karakara halina ugomvi. Ukiwa na mursik, liweke kwenye sahani yake, mapande makubwa yaliyonyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, na ulipeleke mezani bakuli la saladi likishaondolewa.