Kusoma Nasaba kwa DNA: Mama, Baba na Mifupa ya Pwani

Nasaba katika pwani ya kusini ya Kenya huhesabiwa kwa njia zaidi ya moja, na kwa sababu hiyo upimaji wa DNA, yaani usomaji wa maandishi ya urithi yaliyomo katika karibu kila seli ya mwili, hauna faida kubwa mpaka mtafiti ajue ni njia ipi inayolingana na sehemu ipi ya DNA. Wadigo, walio wengi Kwale, tangu zamani walifuata ukoo wa upande wa mama, unaoitwa fuko, na mpwa akamrithi mjomba wake, hadi mirathi ya Kiislamu ilipoimarisha haki ya mtoto kwa babake. Ilhali Washirazi wa Funzi na vijiji vya jirani husimulia asili yao kwa upande wa baba, wakiifikisha hadi Uajemi.

Maumbile nayo yana njia zake. DNA ya mitokondria, ambayo ni vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, hutoka kwa mama pekee, kwa hiyo hufuata mkondo uleule wa fuko. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu, kama nasaba ya bin fulani bin fulani. DNA iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi zaidi, huchangiwa nusu na baba na nusu na mama, na fungu la kila mzee hupungua kwa kila kizazi, hata mzee wa kizazi cha tano nyuma hubakiwa na takriban asilimia 3 tu.

Thamani ya kuzisoma njia hizi kwa pamoja ilidhihirika Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha utafiti uliowashirikisha Chapurukha Kusimba, David Reich na Esther Brielle, juu ya mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Katika kazi ya aina hii, mfupa au jino hutobolewa ndani ya chumba kilichosafishwa kikamilifu, unga wake ukakusanywa, na DNA ikatolewa humo kwa kemikali. Kisha wataalamu hukagua ncha za vipande vyake, kwa kuwa DNA ya kale huharibika nchani kwa namna inayotambulika, na alama hiyo huwasaidia kuitenga na DNA ya mtu wa leo aliyeushika mfupa.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. DNA ya mitokondria ya watu hao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, lakini kromosomu Y za wanaume wengi zilielekea Asia ya Kusini-Magharibi, na uchanganyikaji huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi, Waajemi wakiwa chanzo kikuu cha upande wa Asia kabla ya athari za Uarabuni kuongezeka baada ya mwaka 1500. Aliyesoma upande wa baba peke yake angewaita watu hao Waajemi, na aliyesoma upande wa mama peke yake angewaita Waafrika, hali mifupa ni ileile.

Hata hivyo, hakuna mji wa Kwale uliokuwa miongoni mwa ile iliyochunguzwa, na waliozikwa karibu na misikiti ya mawe hawawakilishi kila mkaazi wa pwani, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Diani au Msambweni bila tahadhari. Kwa walio hai, ambao sampuli yao huchukuliwa kwa kusugua pamba ndani ya shavu, kuna mtego mwingine: penye mazoea ya mtu kuoa binti ya ami yake, jamaa hushirikiana DNA kupitia wazee walewale zaidi ya mara moja, na hesabu ya maabara huweza kuwaonyesha kuwa karibu kuliko walivyo.

Kwa hivyo utaratibu unaofaa ni kuanza kwa wazee, kuandika majina ya fuko na ya mababa, kutunga swali moja, kisha kuchagua kipimo kinachoweza kulijibu: mitokondria kwa swali la fuko, kromosomu Y kwa swali la baba, na DNA iliyobaki kwa undugu wa vizazi vya karibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na ni haki kuwa hivyo, maana anayetoa sampuli huwafichulia siri dada, mjomba na binamu ambao hawakuulizwa. Ridhaa ya ukoo, basi, na itafutwe kabla ya pamba kugusa shavu.