Taa ya tatu ya breki na maji ndani ya kabini

Ukiangalia nyuma ya kabini za pikapu zinazofanya kazi Kaniha na maeneo jirani ya Biharamulo na Ngara, si ajabu kukuta taa ya tatu ya breki, ile iliyofungwa juu ya kioo cha nyuma, imezungushiwa mstari wa silikoni. Mara nyingine mistari ni miwili: mweupe wa zamani ulioanza kubanduka, na mweusi uliopakwa juu yake. Mistari hiyo ni ushahidi. Inaonyesha kwamba maji yaliingia, yakazibwa, yakarudi, na fundi akaitwa tena kufanya kazi ileile. Uvujaji huu unatibika, tena kwa vifaa vya bei ndogo, lakini sharti kazi ifanyike chini ya taa, pale inapokalia bati. Silikoni ya kupaka kwa nje inashughulikia ukingo, na ukingo sio ulioharibika.

Taa yenyewe haina historia ndefu. Mwaka 1974 mtafiti John Voevodsky alichapisha matokeo ya kufunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi za San Francisco, ambako ajali za kugongwa kwa nyuma zilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ikaifanya kuwa lazima kwa magari madogo ya modeli ya 1986 na kuendelea, na kwa pikapu na magari mengine mepesi ya mizigo kuanzia modeli ya 1994. Watengenezaji wa pikapu walikuwa na tatizo ambalo wenzao wa magari ya saluni hawakuwa nalo. Katika saluni taa inaweza kukaa ndani, nyuma ya kioo, isiguswe na mvua. Pikapu hubeba mzigo unaoweza kuziba kila kitu kilicho chini, kwa hiyo katika modeli nyingi, Toyota Tacoma ikiwa mfano unaojulikana sana, taa ilipandishwa nyuma ya kabini. Bati likatobolewa, taa ikafungwa kwa skrubu, na katikati ikawekwa gasketi ya sponji. Kuanzia hapo, kinachotenganisha mvua na kitambaa cha dari ni sponji yenye unene wa milimita chache.

Sponji hiyo ni ya aina ambayo kila kipovu chake kimefungwa peke yake, hivyo maji hayawezi kupenya katikati yake. Inachohitaji ni kubanwa. Ikiwa imebanwa hadi kupungua robo au theluthi ya unene wake, husukuma pande zote mbili, upande wa bati na upande wa plastiki, na msukumo huo ndio unaozuia maji. Miaka ya jua juu ya bati la kabini huiua taratibu: inazoea kubanwa, inalala, na siku moja haisukumi tena hata kama kwa macho inaonekana nzima. Plastiki ya taa nayo haitulii. Plastiki za namna hii hutanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma. Taa yenye urefu wa sentimita 30, ikipata nyuzi 40 zaidi ya joto la alfajiri, hurefuka kwa takriban milimita 0.8, wakati bati lililo chini yake halifikishi hata 0.2. Ukigawa tofauti hiyo pande mbili, kila ncha ya taa inasogea kama milimita 0.3 kila siku ya jua kali, kwenda na kurudi. Sponji yenye unene wa milimita 4 inaustahimili mwendo huo bila taabu. Mstari wa silikoni uliopakwa juu ya ukingo, mahali ambapo plastiki na bati vimekaribiana kama ukucha na kidole, unavutwa zaidi ya upana wa mwanya wenyewe. Lazima ubanduke. Fundi aliyeupaka hakukosea mkono. Amekipa kitu kazi kisichoiweza.

Barabara za Kaniha zinaongeza kasi ya uharibifu huo. Ukiacha barabara ya lami inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo, sehemu kubwa ya kazi ya pikapu hapa hufanyika kwenye changarawe na udongo mwekundu, na kabini hujipinda kidogo katika kila shimo. Skrubu hulegea, na gasketi iliyolala haina nguvu ya kufidia. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hakuna wa kugundua, kwa sababu hakuna maji. Lakini kuna vumbi. Gari linapokwenda mbele, hewa nyuma ya kabini huzunguka na kulinyanyua vumbi la matairi hadi kwenye kioo cha nyuma, na dirisha likiwa wazi kidogo, kabini hulivuta ndani kupitia kila upenyo. Ndiyo maana ninaliheshimu vumbi kama shahidi. Ukifungua taa ukakuta njia ya rangi nyekundu imekatiza sponji kutoka nje kwenda ndani, umeshaona mapito ya maji ya Oktoba kabla mvua ya vuli haijanyesha. Vumbi hilohilo likishakaa chini ya sponji hushika unyevu, na kutu huanzia hapo.

Kuna ubaya mwingine wa kupaka silikoni kwa nje, nao ni mkubwa kuliko kubanduka. Maji hayaingii kwa nguvu. Yanateremka juu ya paa, yanafika ukingo wa juu wa taa, na mwanya mwembamba unayanyonya jinsi utambi wa kandili unavyonyonya mafuta ya taa. Sehemu ya maji hayo ingetokea chini ya taa na kuanguka kwenye bodi la mzigo. Silikoni iliyozungushwa pande zote nne inaziba pia ukingo wa chini. Siku mstari wa juu unapofunguka hata kwa nusu sentimita, maji yanaingia na kukosa pa kutokea, isipokuwa kwenye tundu la waya na matundu ya skrubu. Gari ambalo awali lilidondosha kidogo sasa linamwaga. Isitoshe, silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo si rafiki wa bati lililokwanguka rangi. Na ikishakauka, karibu hakuna kitu kitakachoshika juu yake, hata silikoni nyingine, kwa hiyo mstari wa pili umebanduka kabla haujaanza kazi.

Kabla ya kulaumu taa, hata hivyo, inapasa kuthibitisha kwamba ndiyo yenye kosa. Maji hutembea. Dimbwi chini ya kiti cha nyuma linaweza kuwa limetoka kwenye mpira wa kioo cha nyuma, kwenye tundu la antena, kwenye maungio ya paa, au kwenye matundu ya kutolea hewa yaliyomo ukutani mwa kabini. Jaribio zuri huanza chini na kupanda. Mtu mmoja anakaa ndani na tochi, kitambaa cha dari kikiwa kimeshushwa kidogo upande wa nyuma. Mwingine anamwaga maji polepole, bila presha, kwanza sehemu ya chini ya kioo, kisha pembeni, kisha juu ya kioo, na mwisho kabisa kwenye taa, akisubiri dakika kadhaa kila hatua. Ukianzia juu, maji yatateremka yalowanishe kila kitu, na hutajua ni mlango upi umefunguliwa. Pasipo na bomba, dumu la lita 20 lililotobolewa kizibo linatosha. Upo uthibitisho wa pili usiohitaji maji mengi: funga madirisha yote, washa feni ya gari kwa nguvu yake yote ikivuta hewa ya nje, kisha paka povu la sabuni kuzunguka taa. Hewa inayosukumwa kutoka ndani itapuliza mapovu mahali penye upenyo. Mashine ya presha ya kuoshea magari haifai hapa, kwa sababu inaweza kulazimisha maji kupita hata pale ambapo mvua isingepita.

Ikithibitika ni taa, kazi yenyewe si ndefu, na sehemu kubwa yake ni usafi. Taa inafunguliwa, waya unachomolewa, sponji ya zamani na mabaki yote ya silikoni yanaondolewa kwa kipande cha plastiki ili rangi isikwanguliwe. Bati linafutwa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Penye kutu panasuguliwa kwa msasa laini, panapakwa rangi ya kuzuia kutu, na rangi inaachwa ikauke kabisa. Nawasihi mafundi wasiruke hatua hii, kwa kuwa gasketi mpya juu ya kutu ni kufunga kidonda kichafu. Kisha inawekwa gasketi mpya, au utepe wa butili, ule mweusi unaonata ambao haukauki. Utepe uzunguke taa nzima pamoja na matundu ya skrubu, na miisho yake ikutane upande wa chini, kamwe si juu. Skrubu zinakazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, hadi taa ikae sawa. Anayekaza moja mpaka mwisho ndipo ahamie ya pili anainua ncha ya upande wa pili, na anayekaza kwa hasira anapasua plastiki.

Mwenye gari atasema gasketi halisi haipatikani Biharamulo, lazima iagizwe Mwanza au Kahama. Ni kweli mara nyingi, na ndiyo sababu butili ina thamani: mafundi wa vioo wanaifahamu. Wengine hukata gasketi kwenye tyubu kuukuu. Mpira wa tyubu haupitishi maji, lakini hauna vipovu, kwa hiyo haujazi mabonde ya plastiki na bati. Utafanya kazi ukiwa na gundi laini pande zote mbili, peke yake hapana. Fundi naye atasema ameshaona silikoni ikidumu miaka. Simpingi. Ikichunguzwa, mara nyingi itakutwa kwamba aliifungua taa, akasafisha, akalaza silikoni chini yake na kuifunga juu. Hapo silikoni imegeuka gasketi, ina unene wa kuvutika, na inafanya kazi kwa kanuni ileile ninayoitetea. Ila balbu ikiungua, atakayekuja kuifungua atalazimika kuing'oa taa kwa kisu.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni la wanaosema ni tone tu, au kwamba taa ing'olewe na tundu lizibwe kwa bati. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa, zaidi ya nusu ya chupa ndogo ya soda, na sponji iliyo chini ya kapeti huyahifadhi maji hayo hadi sakafu ioze kutokea ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama. Mbaya zaidi ni umeme. Katika magari mengi taa zote za breki hutegemea fyuzi moja. Soketi ya juu ikilowa ikapiga shoti, fyuzi inakatika na taa mbili za chini zinazimika pamoja nayo. Dereva aliye mbele hajui. Kuhusu kuing'oa, tathmini ya serikali ya Marekani ya mwaka 1998 iliona kwamba, baada ya madereva kuizoea, taa ya tatu bado hupunguza ajali za kugongwa kwa nyuma kwa takriban asilimia 4. Ni sehemu ndogo ya matumaini ya 1974, lakini si bure kwenye barabara ambayo malori ya bandari ya Dar es Salaam huipita usiku kwenda Rwanda na Burundi, na pikapu iliyo mbele yao imebeba watu nyuma.

Gasketi mpya haitaponya taa ambayo kioo chake chenyewe kimepasuka. Dalili yake ni ukungu ndani ya kioo cha taa wakati dari ya kabini ni kavu, na taa hiyo hubadilishwa nzima. Kazi ikimalizika, rudia jaribio la dumu kabla ya kurudisha kitambaa cha dari, toa kapeti lianikwe juani mpaka sponji yake ikauke, kisha baada ya wiki chache za changarawe jaribu skrubu tena kwa bisibisi ya mkono.