Fungate ya Ndabibi: panga kwa saa, si kwa kilomita

Fungate asili yake ni siku saba. Maharusi walikaa ndani, chakula kikiletwa na jamaa wa bibi harusi, ili wasihangaikie chochote ila kuzoeana. Siku hizi wengi huipeleka fungate barabarani, nami sioni ubaya wake. Ubaya uko kwenye mpango: Naivasha, Nakuru, Bogoria na Baringo kwa siku nne, kila usiku kitanda kingine. Nashikilia kwamba fungate ya gari hufaulu ikifuata kanuni ile ya zamani, yaani kulala mahali pamoja na kuzunguka karibu. Ndabibi, tambarare iliyo magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru, inaonyesha vizuri kwa nini.

Tuanze na njia. Nairobi hadi mji wa Naivasha ni kilomita 90 hivi, na anayepiga hesabu kwa ramani hudhani ni safari ya saa moja na ushei. Lakini barabara inateremka ukuta wa Bonde la Ufa kwa mamia ya mita, na ile ya chini, ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, ni njia ya malori yaendayo Uganda na Rwanda. Nyuma ya lori lililosheheni, dereva ama ashuke kwa gia ndogo akisubiri, ama alipite kwenye kona asikoona mbele. Mwenye miadi ya chakula cha mchana Nakuru hushawishika kulipita. Anayelala Ndabibi hana sababu. Jua nalo lina neno lake. Asubuhi liko mgongoni mwa anayeshuka, jioni linampiga machoni. Kwa anayerudi Nairobi mambo hugeuka: alasiri ndiyo humfaa.

Baada ya mji, barabara ya Moi South Lake inapita Karagita na mashamba ya maua. Alfajiri na jioni hujaa mabasi ya wafanyakazi, kwa hiyo saa nne au saa tano asubuhi ndiyo nafasi ya kupita kwa utulivu. Ukishapita Kongoni na kiziwa cha Oloiden, bonde linafunguka. Udongo wa huku ni majivu ya volkano: kiangazi ni vumbi jepesi, na mvua ikinyesha njia za ndani huchimbika mitaro. Gari dogo linafaa Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, kodini gari la juu. Jioni, jua likielekea Mau nyuma yenu, mwanga wote huangukia Longonot, mlima wa mita 2,776, ng'ambo ya ziwa. Mandhari hiyo haipatikani kwa anayepita mbio saa saba mchana.

Nitapingwa kwamba likizo ni fupi, gari ni ghali, basi heri kuona mengi. Lakini kutoka Ndabibi ziwa la kijani la Crater, msitu wa Eburru na Hell's Gate, ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, yote ni matembezi ya siku moja. Tena siku ya akiba ni usalama. Katika korongo la Hell's Gate mafuriko ya ghafla yaliua watu Aprili 2012 na Septemba 2019. Maji yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, juu yako mbingu ikiwa nyeupe. Mwenye usiku mmoja tu hujikaza aingie hivyo hivyo, mwenye usiku minne huahirisha hadi kesho. Pingamizi la pili lina ukweli zaidi: Ndabibi ni mashamba na malisho, haina starehe za mjini. Wanaotaka muziki na mikahawa hadi usiku wa manane waende Nakuru au Diani, wala wasilaumiwe.

Kwa wengine, ondokeni Nairobi saa moja asubuhi, jazeni mafuta Naivasha mjini, muwe Ndabibi kabla ya saa sita, na gari lisirudi barabara kuu mpaka siku ya kuondoka.