Mjusi Kafiri na Swali la Maji

Mjusi kafiri hana gundi mguuni, wala tezi za kuitoa. Dhana kwamba huufyonza ukuta nayo ilikufa zamani, maana nyayo za jamii yake hushika hata hewa ikiondolewa. Kilichobaki ni vinyweleo. Tokay, mjusi mkubwa wa Asia, ana karibu 500,000 kwa kila mguu, na kila kimoja hugawanyika kuwa mamia ya ncha zenye upana wa nanomita 200 hivi. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walipima kinyweleo kimoja tu, wakapata nguvu ya takriban mikronyutoni 200. Zidisha: vyote vikishika barabara, mguu mmoja ungebeba kilo 10 hivi!

Ila ni nguvu gani? Washukiwa walikuwa wawili. Kwanza, utando mwembamba wa maji unaotanda juu ya vitu vingi. Pili, nguvu za van der Waals: elektroni za molekuli huyumba, upande mmoja ukawa na chaji hasi kwa kitambo kidogo, molekuli jirani nayo ikayumbishwa, zikavutana. Mvutano huo hufifia upesi mno umbali ukiongezeka, ndiyo maana ncha ndogo zinazogusa ukuta kwa karibu kabisa ni muhimu.

Ilijulikana kwamba mjusi huteleza kwenye Teflon kavu. Ushahidi huo, kwa maoni yangu, haukuamua lolote: Teflon hukataa maji, na elektroni zake nazo haziyumbishwi kwa urahisi. Washukiwa wote wawili wangeshindwa hapo.

Jaribio la kuwatenganisha lilifanywa mwaka 2002, na ustadi wake ulikuwa kuchagua galiamu asenaidi, malighafi ya semikondakta. Huyakataa maji, tone likasimama juu yake kwa pembe ya nyuzi 110 hivi, lakini elektroni zake huyumbishwa vizuri. Ikalinganishwa na dioksidi ya silikoni, inayopenda maji. Kama siri ni maji, mjusi angenata kwenye ya pili na kuporomoka kwenye ya kwanza. Alinata kote, kwa nguvu zinazokaribiana. Ncha bandia zilizotengenezwa kwa vitu viwili visivyopenda maji zikanata pia.

Hata hivyo maji hayakuachiwa huru kabisa. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walipima ncha mojamoja, wakakuta mshiko ukiongezeka kadiri unyevu wa hewa unavyopanda. Sioni mgongano: mshiko hauhitaji maji ili uwepo, lakini yakiwepo huuongezea nguvu.