Fundi wa Mikrovolti

Uzi ni wa nailoni iliyopakwa fedha, na kila unyuzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Fundi hubandika ncha moja karibu na pua ya mgonjwa, huuvuta taratibu hadi upande wa pili, kisha huulaza juu ya ukingo wa ukope wa chini, pale machozi yanapotuama. Ncha ya pili hubandikwa upande wa panja. Halafu husubiri. Humwacha mgonjwa apepese mara kadhaa huku akiutazama uzi, kwa sababu ukiteleza na kuzama nyuma ya ukope, mawimbi yatapungua na jicho zima litasomeka kuwa gonjwa. Ukizama, anaanza upya, bila kuguna.

Hivyo ndivyo kinavyoanza kipimo kiitwacho elektroretinogramu, au ERG kwa ufupi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutoa umeme kila inapomulikwa. Hapahitajiki sindano wala kisu. Uzi ule hugusa machozi tu na kuuchukua umeme huo. Tatizo ni udogo wake. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, na hata mwitikio mkubwa wa jicho zima kwa kawaida hauvuki mikrovolti mia kadhaa.

Frithiof Holmgren aliugundua umeme huo mwaka 1865 huko Uppsala, Sweden, kwa kutumia macho ya chura. (Ni Holmgren huyohuyo aliyekuja kuwapima wafanyakazi wa reli kwa mafungu ya nyuzi za sufu, kuona nani hatofautishi rangi za ishara.) Mwaka 1877 James Dewar, Mskoti, aliupima kwa binadamu aliye hai: alizungushia jicho kibwawa kidogo na kukijaza maji ya chumvi ili umeme upate pa kupitia. Namhurumia yule mtu aliyeketi hapo akiambiwa asipepese. Kipimo kiliingia hospitalini kwa dhati baada ya 1945, pale Gösta Karpe wa Stockholm alipotumia lenzi ya kuvaa jichoni yenye elektrodi, yaani kipande cha kupokea umeme, akaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoanza na kutoona gizani, umeme huo huzimika kabisa au karibu kabisa.

Tangu 1989 kuna utaratibu wa kimataifa unaofuatwa, nami nauheshimu hasa kwa jinsi unavyolitunza giza. Mgonjwa hukaa gizani dakika 20 kamili. Retina ina seli za aina mbili za kupokea mwanga: za vijiti, zinazoona gizani, na za koni, zinazoona mchana na kutambua rangi. Vijiti vikishamulikwa huchukua muda mrefu kurudi katika hali yake. Kwa hiyo mtu akifungua mlango dakika ya 18, muda unahesabiwa upya. Kama kuna kitu cha kurekebisha, fundi hufanya hivyo kwa taa nyekundu hafifu, kwa kuwa vijiti haviusikii sana mwanga mwekundu. Mimweko nayo ina mpangilio. Huanza ule dhaifu mno unaoviamsha vijiti peke yake, kisha wenye nguvu zaidi, na kati ya mmweko na mmweko hupita sekunde kadhaa ili jicho lipumzike. Ukianza na ule mkali umeshaliharibu giza ulilolisubiri. Baadaye taa huwashwa, jicho linazoea mwanga kwa dakika 10, na mimweko huja mara 30 kwa sekunde. Vijiti haviwezi kuifuata kasi hiyo, kwa hiyo zinazojibu hapo ni koni tu.

Wakati wote huo fundi anapambana na kelele. Umeme wa ukutani unatetema mara 50 kwa sekunde na kuingia kwenye nyaya. Ngozi ya kipaji ikiwa na mafuta, elektrodi inayobandikwa pale haishiki vizuri, hivyo husuguliwa kwanza. Mgonjwa akikaza meno, misuli ya uso huandika mawimbi yake juu ya yale ya retina. “Mama, legeza taya. Tazama ile nukta nyekundu, pumua kawaida.” Sauti yenyewe ni sehemu ya kazi, aliyeogopa hukunja uso bila kujijua, na hakuna programu ya kompyuta inayomzidi mtu anayejua kumtuliza mwenzake.

Mchoro ukitoka, kwanza mstari hushuka: hizo ni seli za kupokea mwanga. Kisha hupanda juu sana, na sehemu kubwa ya mpando huo hutokana na seli zilizo mbele zaidi, zinazopokezwa habari. Basi yapo macho ambayo mstari wake hushuka vizuri lakini haupandi inavyotakiwa. Daktari anaweza kuchungulia ndani ya jicho kama hilo asione doa, kumbe mtoto tangu kuzaliwa haoni usiku kwa sababu habari haivuki kutoka seli moja kwenda nyingine. Bila mchoro huo angeweza kuambiwa ni mwoga wa giza.

Thamani kubwa ya kipimo iko hapo: hitilafu ya utendaji huweza kuonekana kabla ya kidonda. Kwa mwenye kisukari, kilele cha mawimbi ya ile mimweko 30 huweza kuchelewa kwa milisekunde chache wakati mishipa ya damu ya retina bado inaonekana safi. Katika familia yenye retinitisi pigmentosa, mchoro wa mtoto huweza kuharibika miaka mingi kabla hajaanza kujikwaa jioni.

Lakini nawatilia shaka wanaokinadi kama kipimo cha kila kitu. ERG ya kawaida ni kama kelele za uwanja wa mpira: mashabiki wa kona moja wakinyamaza, hutajua. Doa dogo katikati ya retina linaweza kuwa limeshamwondolea mtu uwezo wa kusoma na mchoro ukatoka mzuri. Kwa ajili hiyo Erich Sutter alianzisha, miaka ya 1990 mwanzoni, njia ya kumulika vipande vingi vyenye pembe sita, kwa kawaida 61 au 103, na kutenganisha jibu la kila kipande. Presha ya macho nayo huathiri seli ambazo mmweko wa kawaida hauzigusi sana. Hutafutwa kwa picha ya miraba myeusi na myeupe inayobadilishana.

Fundi mzuri huyajua hayo, na ndiyo maana ripoti yake huwa na mambo ambayo mgonjwa hayasomi: aina ya elektrodi, upana wa mboni kwa milimita, mimweko mingapi ilitupwa kwa sababu ya kupepesa, jicho gani uzi wake ulisogea. Mwakani mgonjwa akirudi na mawimbi yakiwa yamepungua, daktari ataanzia kwenye mistari hiyo kabla ya kutamka kwamba ugonjwa umesonga.