Jina Usoni mwa Saa: Uhakiki wa Urembo wa Saa Ndefu za Kiingereza
Wahakiki wa saa ndefu za Uingereza za karne ya 17 na ya 18 wamezoea kumsifu fundi saa ambaye jina lake limeandikwa usoni mwa saa, mathalani Thomas Tompion. Mazoea hayo yana kasoro. Pendulamu ya takriban mita 1 ilihitaji sanduku refu, lakini maua na ndege walionakshiwa mlangoni kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali walikuwa kazi ya seremala, ambaye kwa kawaida hakutajwa. Isitoshe, baadhi ya mitambo ilihamishiwa masanduku mengine baadaye. Kwa hiyo, jina la usoni halithibitishi aliyebuni urembo. Sanduku halina budi kuhakikiwa kama kazi ya useremala inayojitegemea.